Mira Nair: Mwelekezi wa filamu wa India aliyeifanya Kampala kuwa kwao

ZOHRAN Mamdani alipokula kiapo cha umeya wa jiji la New York Januari 1, 2026, magazeti ya Afrika Mashariki yalikumbusha wasomaji kwamba kijana huyo alizaliwa Kampala. Jina la babake, Profesa Mahmood Mamdani, lilikuwa limezoeleka kwa wasomi kuanzia Makerere hadi Dar es Salaam. La mamake lilitajwa kwa kupita tu, kana kwamba kazi yake kubwa duniani ilikuwa kumzaa meya.

Haki haikutendeka hapo. Mira Nair alianza kutengeneza filamu zaidi ya miaka 10 kabla mwanawe hajazaliwa. Filamu yake ya kwanza ya kubuni ilitunukiwa Cannes na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Nyingine ilishinda tuzo kuu ya Venice. Mwaka 2012 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Bhushan, mojawapo ya nishani za juu kabisa anazoweza kupewa raia wa nchi hiyo. Na kwa zaidi ya miaka 30 makao yake mojawapo yamekuwa nyumba iliyo katika kilima cha Buziga, Kampala, pahala ambapo macho hulitazama Ziwa Victoria.

Yapo maeneo ya Kenya ambako kisa chake kina uzito wa pekee. Lafey, katika Kaunti ya Mandera, ni mji mdogo ulio karibu na mpaka wa Somalia, katika njia inayotoka Elwak kuelekea Mandera mjini. Huko, kama ilivyo Wajir na Garissa, filamu za Kihindi si jambo geni. Vijana wamezitazama zikiwa zimetiwa sauti kwa Kisomali, na majina ya Amitabh Bachchan na Shah Rukh Khan yametamkwa huko kwa miaka mingi bila kuhitaji maelezo.

Bi Nair si wa kundi hilo la sinema. Kwake hakuna shujaa anayewaangusha majambazi 10 kwa mkono mmoja, wala wapenzi wanaoimba mlimani wakibadilisha mavazi kila ubeti. Ni nadra kuikuta filamu yake katika vibanda vya video. Hata hivyo, swali linalopita katika karibu kazi zake zote ndilo lile ambalo mkazi wa Lafey amezoea kuulizwa katika vizuizi vya barabarani: wewe ni wa wapi, na una nini cha kuthibitisha?

Binti wa afisa wa serikali

Mira Nair alizaliwa Oktoba 15, 1957 mjini Rourkela, mji uliojengwa kuzunguka kiwanda cha chuma katika jimbo la Orissa, mashariki mwa India. Jimbo hilo sasa linaitwa Odisha. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watatu, nduguze wawili wakiwa wavulana. Sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha Bhubaneswar, makao makuu ya jimbo, mji wa mahekalu ya kale ambao wakati huo ulikuwa mbali na makelele ya Bombay na Delhi.

Babake, Amrit Lal Nair, alikuwa afisa wa utawala katika utumishi wa umma wa India, kada inayolingana na ile iliyokuwa ikitoa wakuu wa wilaya hapa kwetu. Mamake, Praveen, alikuwa mfanyakazi wa huduma za jamii aliyejishughulisha zaidi na watoto.

Jina la ukoo huwapotosha wengi, wakiwemo wahariri. Nair ni jina maarufu la watu wa Kerala, kusini mwa India. Familia hii ni ya Wapunjabi wa kaskazini, na jina lao la awali lilikuwa Nayyar. Mizizi ya babake ilikuwa Lahore, mji ambao mwaka 1947 ulijikuta upande wa Pakistan baada ya Uingereza kuigawa India na kuikata Punjab vipande viwili. Mamilioni ya watu walihama, na wengi sana waliuawa njiani. Mira alizaliwa miaka 10 baadaye, katika nyumba ambamo Lahore ilikumbukwa kwa mashairi na nyimbo za Kiurdu, ingawa ilikuwa sasa ni nchi ya kigeni.

Wakazi wa Mandera hawahitaji kufafanuliwa jambo hili. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland, na tangu hapo jamaa wa ukoo mmoja wakawa watu wa serikali mbili.

Alisoma katika shule ya watawa wa Loreto huko Shimla, mji wa milimani, ambako alipenda fasihi ya Kiingereza. Kisha alijiunga na chuo cha Miranda House cha Chuo Kikuu cha Delhi kusomea sosholojia. Pembeni ya masomo alivutwa na jukwaa, hasa michezo ya kuigiza ya mitaani iliyobeba ujumbe wa kisiasa. Alipotimiza miaka 19 alipata ufadhili wa kusoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Alikwenda akitarajia kuendelea na uigizaji, lakini michezo aliyoikuta huko haikumridhisha. Akageukia upigaji picha, na kutoka hapo akaingia katika filamu za hali halisi.

Kutoka mitaa ya Delhi hadi Cannes

Kazi yake ya mwanafunzi, Jama Masjid Street Journal ya 1979, ilikuwa filamu fupi kuhusu maisha ya jamii inayoishi karibu na msikiti mkuu wa Delhi ya Kale. Iliyofuata, So Far from India, ilimfuata Mhindi aliyekuwa akiuza magazeti katika kituo cha treni za chini ya ardhi jijini New York, huku mkewe mjamzito akimsubiri nyumbani. Mwaka 1985 alitoa India Cabaret, kuhusu wanawake wanaocheza dansi katika klabu ya usiku pembezoni mwa Bombay. Filamu hiyo iliwaudhi Wahindi wengi waliosema anaianika aibu ya nyumbani mbele ya wageni. Lawama hiyo imemfuata tangu siku hizo.

Katika miaka hiyo alikuwa ameolewa na mpigapicha Mmarekani, Mitch Epstein, aliyeshiriki pia katika kazi zake za mwanzo. Ndoa hiyo ilivunjika kabla ya muongo kwisha.

Jina lake lilivuma kwa Salaam Bombay! ya mwaka 1988. Mswada aliuandika Sooni Taraporevala, waliyefahamiana Harvard. Ni hadithi ya Krishna, mvulana wa kijijini anayeishia Bombay akipeleka vikombe vya chai katika mtaa wa makahaba, akidunduliza rupia 500 ili aweze kurudi kwa mamake. Badala ya kutafuta watoto waliofunzwa uigizaji, Bi Nair aliwachukua watoto wa mitaani wenyewe, wale ambao Nairobi huwaita chokoraa, akawafanyisha mazoezi kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza kupiga picha.

Filamu hiyo ilitunukiwa Kamera ya Dhahabu huko Cannes, tuzo inayotolewa kwa kazi bora zaidi ya mwelekezi anayeanza. Ikawa pia filamu ya pili ya India kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, baada ya Mother India ya 1957. Kwa sehemu ya mapato yake ulianzishwa wakfu wa Salaam Baalak, unaowapa watoto wa mitaani wa Delhi na Mumbai malazi, elimu na matibabu. Praveen Nair, mamake mwelekezi, ndiye aliyeushika usukani wa tawi la Delhi kwa miaka mingi.

Mtazamaji wa haki hana budi kutaja upande wa pili. Shafiq Syed, aliyeigiza kama Krishna na kutunukiwa tuzo ya taifa ya mwigizaji mtoto, hakupata njia katika sinema. Alirudi Bangalore akawa dereva wa tuktuk, na magazeti ya India yamekuwa yakimrudia kila baada ya miaka kadhaa. Sifa za Cannes hazikumlisha. Wakfu uliwafaidi maelfu ya watoto, lakini yule ambaye uso wake uliijaza skrini alibaki na cheti.

Katika filamu hiyo hiyo alionekana kwa dakika chache mwanafunzi mrefu wa uigizaji, akiwa mwandishi wa barua mitaani anayemlaghai Krishna. Aliitwa Irrfan Khan. Nafasi yake ilikuwa imepunguzwa sana, na ilibidi asubiri miaka 18 kabla ya Bi Nair kumpa nyingine inayomfaa.

Kampala

Baada ya Cannes angeweza kubaki Bombay au kuhamia Hollywood. Alichofanya ni kutafuta habari za Wahindi waliofukuzwa Uganda.

Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda wana siku 90 za kuondoka nchini. Idadi yao inakadiriwa kuwa kati ya 50,000 na 80,000. Wengi walikuwa na pasipoti za Uingereza, wengine walikuwa raia halali wa Uganda ambao hati zao zilikataliwa kwenye madirisha ya ofisi. Waliacha nyumba, maduka, mashamba ya miwa na viwanda. Uingereza ilipokea zaidi ya 27,000, na wengine walitawanyika Kanada, India, Marekani na kwingineko. Baadhi ya waliofika kusini mwa Marekani walijikuta wakiendesha moteli za kando ya barabara katika majimbo kama Mississippi, katikati ya watu weusi na weupe waliokuwa bado na historia yao wenyewe ya ubaguzi.

Hapo ndipo ilipotoka Mississippi Masala, iliyotolewa mwaka 1991, mswada ukiwa tena wa Taraporevala. Jay, wakili mzaliwa wa Uganda, anaondolewa Kampala pamoja na mkewe Kinnu na binti yao mdogo, Mina. Miaka 18 baadaye wanaishi Greenwood, Mississippi, katika moteli ya jamaa zao. Jay hakomi kuiandikia serikali ya Uganda akidai mali yake. Mina, aliyekwisha kuwa mwanamke, anapendana na Demetrius, kijana mweusi mwenye kampuni ndogo ya kusafisha mazulia. Demetrius ni Denzel Washington. Mina ni Sarita Choudhury, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza. Jay ni Roshan Seth.

Bi Nair amesimulia mara kadhaa kwamba wenye fedha walimtaka aongeze mhusika mkuu Mzungu ili filamu iuzike. Alikataa.

Ninaiona kuwa kazi yake bora zaidi, na sababu yangu ni kwamba haimpendelei mtu. Amin anaonekana kwenye televisheni tu. Uchungu unatoka kwa Okelo, rafiki wa Jay tangu utotoni, anayemweleza kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi. Lakini Jay yule yule aliyelia kwa kufukuzwa kwa sababu ya rangi yake ndiye anayewaka hasira binti yake anapompenda mtu mweusi. Wanaofahamu maisha ya madukani ya Nairobi, Mombasa na Kampala katika miaka ya 1950 na 1960, na jinsi kaunta ilivyotenganisha watu, wataitambua picha hiyo mara moja.

Sisi Wakenya hatuna ruhusa ya kuitazama kama habari ya majirani. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizopitishwa Nairobi mwaka 1967 ziliwafanya maelfu ya Waasia wenye pasipoti za Uingereza kuondoka kwa haraka, hadi London ikapitisha sheria ya kuwafungia mlango mapema mwaka 1968. Ilipofika Julai 2017 ndipo serikali ya Kenya ilipowatambua rasmi Wakenya wa asili ya Kihindi kuwa jamii ya 44.

Wakati Bi Nair na Taraporevala wakikusanya masimulizi yao, Kenya ilikuwa na msako wake. Novemba 1989 serikali iliamuru Wakenya wote wa asili ya Kisomali waliotimu umri wa kitambulisho wapigwe msasa. Waliopita walipewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi, ambayo raia wa jamii nyingine hawakutakiwa kuwa nayo. Mwaka 1991, filamu ilipotoka, serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka na kambi za Dadaab zilianza kufunguliwa. Katika miaka iliyofuata baadhi ya Wakenya wa Kaskazini Mashariki, waliobanwa na ukame, walijiandikisha kambini ili wapate chakula. Watoto wao walipofika umri wa kuomba kitambulisho waliambiwa kwamba alama za vidole vyao zimo katika orodha ya wakimbizi. Februari 2025, Rais William Ruto alitangaza akiwa Wajir kufutwa kwa msasa wa ziada uliowakabili waombaji wa eneo hilo.

Ni katika utafiti wa filamu hiyo ambapo Bi Nair alikutana na Mahmood Mamdani. Mtu aliyekuwa akimtafuta kwenye karatasi alikuwa amesimama mbele yake. Mamdani alizaliwa Bombay mwaka 1946 katika familia ya Waislamu wa Kigujarati na kukulia Kampala. Mwaka 1963 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa Afrika Mashariki waliopelekwa Marekani kwa ufadhili, na huko alitiwa mbaroni katika maandamano ya kudai haki za watu weusi. Alirudi Uganda mwaka 1972 kufundisha Makerere, akafukuzwa mwaka huo huo pamoja na Waasia wengine. Baada ya kukaa katika kambi ya wakimbizi London aliandika From Citizen to Refugee, kitabu kilichochapishwa 1973, mwaka alioanza kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Alirudi tena Kampala baada ya Amin kupinduliwa 1979. Mwaka 1984, akiwa nje ya nchi kwa mkutano, serikali ya Milton Obote ilimnyang'anya uraia kwa sababu ya maandishi yake. Alibaki bila nchi hadi utawala huo ulipoanguka. Wachache wanaoandika juu ya uraia wamevuliwa uraia mara mbili.

Walioana mwaka 1991, na mtoto wao wa pekee alizaliwa Kampala Oktoba 18 mwaka huo. Walimwita Zohran Kwame, jina la pili likiwa la kumuenzi Kwame Nkrumah. Alipokuwa na umri wa miaka mitano familia ilihamia Cape Town, babake alikopata kazi ya uprofesa, na miaka miwili baadaye New York. Nyumba ya Kampala haikuachwa.

Harusi, Septemba 11 na mazishi

Miaka ya katikati ya 1990 haikumpa Bi Nair ushindi mkubwa. The Perez Family, kuhusu wakimbizi wa Cuba, ilipita bila kishindo. Kama Sutra ya 1996 ilimpeleka katika mivutano mirefu na wakaguzi wa filamu wa India.

Kisha ikaja Monsoon Wedding ya 2001, iliyopigwa Delhi kwa takriban siku 30 tu, kamera ikibebwa mikononi na baadhi ya jamaa wa mwelekezi wakiingia mbele ya kamera. Sehemu ya mikanda iliharibiwa na mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege, ikabidi baadhi ya matukio yapigwe upya. Kwa juu ni harusi ya Kipunjabi yenye mvua, deni na jamaa wengi kupita kiasi. Ndani yake kuna siri ya mzee anayeheshimiwa aliyewadhulumu wasichana wa ukoo, na baba wa bibi harusi, anayeigizwa na Naseeruddin Shah, anayelazimika kuchagua kati ya heshima ya mzee huyo na ukweli wa mtoto aliyemlea. Katika jamii zetu, ambako mashauri kama hayo humalizwa na wazee chini ya mti, uamuzi anaoufanya mbele ya wageni bado ni mgumu kuutazama kwa utulivu.

Venice iliipa Simba wa Dhahabu, tuzo ambayo India haikuwa imeipata tangu Satyajit Ray aitwae mwaka 1957. Tuzo hiyo ilitolewa Septemba 8, 2001. Siku tatu baadaye minara ya New York iliangushwa, na familia ya Bi Nair, yenye jina la Kiislamu na makao katika jiji hilo, ikajikuta katika hali mpya.

Mwaka uliofuata alichangia filamu fupi katika mkusanyo wa waelekezi 11 wa nchi mbalimbali. Ilimhusu Mohammad Salman Hamdani, kijana Mmarekani wa asili ya Pakistan aliyepotea siku ya mashambulizi. Polisi walimshuku kuwa mshirika wa magaidi. Ilikuja kubainika kwamba alikufa akiwa amekwenda kuokoa watu, akazikwa kwa heshima mwaka 2002. Mwaka 2012 alirudi kwenye mada hiyo kwa The Reluctant Fundamentalist, kutokana na riwaya ya Mohsin Hamid, na filamu hiyo ndiyo iliyofungua tamasha la Venice. Mhusika wake ni kijana wa Lahore, mji wa kina Nair, ambaye maisha yake mazuri ya New York yanageuka kuwa ya kupekuliwa na kushukiwa. Miaka miwili baada ya filamu hiyo, Aprili 2014, maelfu ya watu walizolewa Eastleigh na wengi wao kupelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa hati.

Kati ya kazi hizo mbili kulikuwa na ile inayopendwa zaidi na Wahindi waliohamia ng'ambo, The Namesake ya 2006, iliyotokana na riwaya ya Jhumpa Lahiri. Bi Nair aliisoma riwaya hiyo akiwa katika msiba wa mama mkwe wake, aliyefariki na kuzikwa Marekani, mbali na Afrika Mashariki alikoishi. Wakati huo alikuwa amealikwa kuelekeza filamu ya tano ya Harry Potter. Amesimulia kwamba mwanawe, Zohran, aliyekuwa kijana wa miaka 14 hivi, ndiye aliyemwambia waelekezi wengi wanaweza kuifanya hiyo, lakini The Namesake ni yake. Irrfan Khan, yule mwandishi wa barua wa Bombay, alipewa nafasi ya baba anayezeeka ugenini pamoja na Tabu kama mkewe. Hadi alipofariki mwaka 2020, wengi waliihesabu kuwa miongoni mwa kazi zake bora.

Vanity Fair ya 2004 ilikuwa na mapambo mengi. Amelia ya 2009, kuhusu rubani Amelia Earhart, ilikosolewa vikali, na kwa maoni yangu kwa haki: mwelekezi huyu hapotei katika umati wa watu, hupotea anapobaki na mtu mmoja angani.

Maisha na Katwe

Mwaka 2004 alianzisha Kampala shirika la mafunzo liitwalo Maisha Film Lab. Vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda huwasilisha miswada yao, na wanaochaguliwa hukaa pamoja kwa siku kadhaa wakifunzwa uandishi, uelekezi, sauti na kamera na watu wenye uzoefu wa kimataifa. Hoja yake ni kwamba ikiwa Waafrika Mashariki hawatasimulia habari zao, hakuna mwingine atakayezisimulia. Kwa Kaskazini Mashariki, eneo ambalo kamera hufika mara nyingi pamoja na magari ya polisi baada ya shambulio, hoja hiyo haihitaji kupigiwa debe.

Mmoja wa vijana aliowakaribisha katika kazi zake ni Lupita Nyong'o, aliyeshiriki katika kikosi cha utayarishaji cha The Namesake kabla ya kujulikana. Miaka 10 baadaye, akiwa na Oscar mkononi, Lupita aliigiza katika Queen of Katwe ya 2016 kama Harriet, mjane anayeuza mahindi na kuwalea watoto wake katika mtaa wa mabanda wa Katwe, Kampala. Kisa ni cha kweli. Binti yake, Phiona Mutesi, anafundishwa sataranji na Robert Katende na kufikia kuiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya mchezo huo nchini Urusi mwaka 2010. Nafasi ya Phiona ilichukuliwa na Madina Nalwanga, msichana wa Kampala aliyekuwa mcheza ngoma na ambaye hakuwahi kuigiza. Katende aliigizwa na David Oyelowo.

Filamu ilitolewa na kampuni ya Disney, ikagharimu takriban dola milioni 15 na kuingiza kama milioni 10 katika kumbi za sinema. Kwa wahasibu ilikuwa hasara. Lakini ni vigumu kukumbuka filamu nyingine ya kampuni kubwa ya Hollywood inayotokea mjini Afrika Mashariki bila mtalii, bila simba na bila Mzungu wa kuokoa watu. Zohran alikuwa sehemu ya kazi hiyo pia: wimbo aliourekodi na mwenzake wa Uganda uliingia katika muziki wa filamu.

Mwaka 2020 Bi Nair alielekeza A Suitable Boy, tamthilia ya BBC yenye sehemu sita iliyotokana na riwaya ndefu ya Vikram Seth kuhusu India ya mwanzoni mwa miaka ya 1950. Msichana wa Kihindu anampenda Mwislamu, kidonda cha ugawanyaji wa nchi kikiwa bado kibichi. Katika jimbo la Madhya Pradesh polisi walifungua mashtaka dhidi ya maafisa wa Netflix, iliyoionyesha nchini India, kwa sababu ya busu lililoonekana karibu na hekalu. Monsoon Wedding nayo imegeuzwa kuwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, ukaonyeshwa Marekani na pia Doha mwaka 2022 wakati wa Kombe la Dunia.

Mwaka huo wa 2022, ilipotimia miaka 50 tangu amri ya Amin, Mississippi Masala ilisafishwa upya na kurudishwa sokoni, baada ya muda mrefu ambapo ilikuwa vigumu kuipata. Katika tukio la mwisho Jay amerudi Kampala kusikiliza kesi ya mali yake. Anakwenda kumtafuta Okelo na kuambiwa kwamba rafiki yake alikwisha kufa, muda mfupi tu baada ya yeye kuondoka. Anasimama barabarani katikati ya watu wanaocheza muziki. Mtoto mchanga aliyebebwa na mtu asiyemjua anaunyoosha mkono na kumgusa uso, naye Jay anampokea.